Naomba ushauri: nimesoma vitabu kuhusu malezi niliyopata, sasa nimemwandikia baba barua

Binti Mkonge
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, ninafanya kazi Dar es Salaam, na ninaandika hapa kwa sababu katika ukoo wetu hakuna ninayeweza kumweleza jambo hili lisifike kwa wengine kabla hakujakucha. Nimekulia katika kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Baba alikuwa msimamizi shambani, na kazi yake ilikuwa kuhesabu matita ya majani yaliyokatwa. Akirudi nyumbani aliendelea kuhesabu: vijiko vya sukari, njiti za kiberiti, kurasa za madaftari yetu. Kitu kikipungua, aliyeshukiwa alichapwa huku akizihesabu fimbo mwenyewe kwa sauti, na akikosea hesabu ilianza upya.

Mwaka jana nilinunua kwa wauza vitabu vya mtumba, mtaa wa Samora, kitabu cha Mmarekani Susan Forward kilichotoka mwaka 1989, kinachozungumzia wazazi wenye sumu. Nilikisoma ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Tangu hapo nimesoma vingine vinne, na nimejibu yale maswali kumi kuhusu madhila ya utotoni, nikapata sita. Kwa mara ya kwanza nina maneno ya kuyaita mambo ambayo mwili wangu uliyajua bila jina. Kitabu kinashauri mtu amwandikie mzazi barua. Je, barua ya namna hiyo inapaswa kufika kwa baba, au kubaki kwenye droo yangu?

Mzee wa Pangani
Binti yangu, pole. Lakini mavi ya kale hayanuki, na wewe unakwenda kuyafukua kwa jembe la kigeni. Sisi tumekatazwa hata kumwambia mzazi "ah", seuze kumwandikia mashtaka. Marehemu baba yangu alinifunga kwenye mnazi kutwa nzima kwa sababu ya kumpoteza mbuzi mmoja, na leo ninamwombea dua kila Ijumaa. Mbuzi huyo, kwa taarifa yenu, alirudi mwenyewe jioni. Radhi ya mzazi hainunuliwi dukani. Nenda kamsalimie baba yako, mpelekee kilo mbili za sukari, yaishe.

Mama Nasra
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, yangu mimi yananuka. Miaka miwili iliyopita niliinua mwiko jikoni kwa sababu binti yangu alikuwa amemwaga maziwa, naye akafunika kichwa kwa viwiko vyote viwili, kidevu kikiwa kifuani, vilevile nilivyokuwa nikifanya mbele ya mama yangu. Sikuwa nimemfundisha. Niliuweka mwiko chini, nikakaa sakafuni kwenye hayo maziwa. Baada ya hapo nami nikatafuta vitabu, nikavipata vya Kiingereza tu, nikawa ninavisoma na kamusi pembeni, na kila ukurasa ulikuwa kama mtu anachungulia dirishani kwetu. Dada, vitabu hivyo vitakusaidia kujiona wewe. Sina hakika kama vitamsaidia baba yako kukuona.

Mshauri wa Dodoma
Ninafanya kazi ya ushauri nasaha, kwa hiyo nianze na hayo maswali kumi, maana watu wengi wanayachukua kama kipimo cha malaria. Yalitokana na utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa mwaka 1998, na katika awamu zake mbili watu zaidi ya 17,000 wa San Diego, Marekani, walijaza hojaji. Walichokitafuta ni uhusiano kati ya madhila ya utotoni na maradhi ya ukubwani katika kundi kubwa la watu. Mwaka 2020 Anda mwenyewe na wenzake waliandika kuonya kwamba alama hizo zisitumiwe kumpima mtu mmoja mmoja. Swali linauliza kama jambo lilitokea. Haliulizi lilitokea mara ngapi, wala kama jirani alikuwa akifungua mlango ukikimbilia kwake. Kwa hiyo hiyo sita yako usiibebe kama hukumu.

Kuhusu barua, Forward anaishauri kweli, na anasema mtu hana lazima ya kusamehe ndipo apone, jambo ambalo najua linawachoma wengi hapa. Lakini anataka kwanza mwandishi awe na watu wa kumwegemeza na awe na nguvu ya kubeba jibu lolote litakalorudi. Nakuuliza, baba anaishi na nani sasa?

Binti Mkonge
Ahsanteni. Baba anaishi kwake, na afya yake ni ya mtu mzima wa umri wake. Sidhani kama hilo linabadilisha swali langu, kwa sababu barua ni kati yangu na yeye.

Mshauri wa Dodoma
Sikuuliza afya yake. Nimeuliza anaishi na nani. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Binti Mkonge
Sawa, nitasema. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hawezi kusoma. Anayemsomea kila kitu, kuanzia risiti ya dawa hadi ujumbe wa simu, ni mdogo wangu, mtoto wa mke wake wa pili, ambaye naye aliondoka kama alivyoondoka mama. Mdogo wangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Na barua nilikwisha kuituma Alhamisi kwa basi, ndani ya kifurushi chenye sabuni na dawa za baba. Ni kurasa kumi na moja.

Kabla hamjanirukia, nilijua kwamba ni yeye atakayeisoma. Nililifikiria usiku mzima. Mimi nilisubiri hadi miaka 28 ndipo nikajua kwamba yale hayakuwa malezi. Nilitaka mdogo wangu ajue mapema, na nilitaka baba ayasikie kwa sauti ya mtoto, kama sisi tulivyohesabu kwa sauti. Mnaona ni kosa?

Mpita Njia
Wakuu, samahani, mimi naona hii ni chai. Mhusika amejiunga Jumatatu. Baba anahesabu kazini, anahesabu nyumbani, mtoto anahesabu fimbo, halafu ghafla baba haoni na barua inasomwa na mtoto. Na nani bado anaandika barua ya kurasa kumi na moja kwa mkono? Simulizi iliyonyooka hivi imetungwa. Tusipoteze huruma yetu.

Mzee wa Pangani
Hata mimi nilianza kuona hivyo. Kama ni hadithi, atuambie ni hadithi.

Mwana wa Muheza
Sina uhakika na barua, lakini kuhusu kambi nina uhakika, kwa sababu nimekulia humo. Tita moja ni majani 30, na baba yangu, aliyekuwa mkataji, alikuwa akirudi na viganja vilivyochanwa na miiba huku akilalamika kwamba matita yake mawili yamekataliwa kwa kupungua jani mojamoja. Msimamizi alikuwa mtu wa kuogopwa hata na wake za watu. Sikuwahi kufikiria watoto wa msimamizi walikuwa wakiishi vipi jioni. Tuliwaonea wivu kwa sababu walikuwa na viatu.

Mama Nasra
Mpita Njia, huenda uko sahihi, na mimi sina namna ya kuhakikisha. Lakini kama ni chai nitakuwa nimepoteza dakika kumi tu, na kama ni kweli kuna mtoto anayekwenda kufungua bahasha mbele ya mtu mwenye fimbo. Mdogo wangu, nijibu hili moja. Baba bado anahesabu?

Binti Mkonge
Ndiyo. Sasa anahesabu kwa vidole.

Mshauri wa Dodoma
Basi tuache kujadili barua kama barua. Kila kosa uliloliandika humo, mtoto atalisoma kwa mdomo wake, halafu wewe uko Dar es Salaam na yeye yuko chumba kimoja na aliyelitenda. Mpigie wakala wa basi sasa hivi, mtajie namba ya risiti, kifurushi kisitolewe. Kisha piga 116, ambayo ni namba ya huduma ya simu kwa watoto na haina malipo, na ujieleze kama ulivyojieleza hapa. Halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto anayeonewa azipeleke serikali za mitaa. Hilo halikulazimishi kumtukana baba wala kumsamehe. Macho yake nayo yapelekwe hospitali, kwa sababu mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na mtoto wa kidato cha kwanza hapaswi kuwa macho ya mtu.

Mzee wa Pangani
Nilisema mpelekee sukari. Sikujua kuna mtoto mle ndani. Fanya anavyokuambia mshauri.

Binti Mkonge
Nimerudi. Wakala anasema kifurushi kiko dukani kwake na mtoto ameshapigiwa simu akichukue kesho baada ya shule. Nimemwomba asikitoe, amekubali kukirudisha na basi la asubuhi. Dawa nitazituma upya peke yake. 116 nimepiga, wameandika maelezo, watawasiliana na ofisa wa wilaya. Nimeomba ruhusa kazini nifike mwenyewe Jumamosi.

Halafu nikampigia mdogo wangu kumwambia asiende kwa wakala. Baba alikuwa karibu, kwa hiyo alikuwa akijibu "ndiyo, dada" tu. Mwishoni akanong'ona kuniuliza kama katika kile kifurushi nilikuwa nimemwekea daftari, kwa sababu lake la hisabati limebakiwa na kurasa mbili, na moja imechanika, na baba bado hajaipapasa.