MREJESHO: Thailand, Laos, Vietnam na Kambodia na washkaji

Wakuu habari zenu, mimi ndo niliyeuliza tutoke vipi Bangkok mpaka Siem Reap kule Kambodia kwa kupitia Laos na Vietnam, na hela za kundi tuziwekeje. Tumerudi salama, asanteni sana. Aliyesema tubebe kadi ya homa ya manjano Mungu ambariki, maana pale airport Bangkok tulipelekwa kwanza dawati la afya, kadi zikakaguliwa ndo tukaenda uhamiaji. Ile boti ya polepole ya mto Mekong kule Laos, toka Huay Xai mpakani na Thailand hadi mji wa Luang Prabang, tulipanda, ni siku mbili mnalala kijiji cha Pakbeng katikati, wamama wanapandia njiani na magunia yao, mto wa kahawia na milima pande zote, hiyo msiikose kabisa. Mfuko wa pamoja ulienda vizuri mpaka Hanoi, hapo ukatushinda, wengine hawali nguruwe wengine wanataka bia kila jioni, tukabaki kuchangia vyumba na usafiri tu, chakula kila mtu akajilipia na amani ikarudi. Kambodia bebeni dola safi, noti iliyochanika hata kidogo wanaikataa, na kwenye mahekalu ya kale ya Angkor, hapo Siem Reap, kateni tiketi ya siku 3 dola 62, ile ya siku 1 ya dola 37 haitoshi.