Amechomoa flashi yangu katikati ya udi! Na nyote mwamjua

Naandika mkono watetemeka. Jina silitaji, halina haja. Kila aliyewahi kununua spika Mombasa hii ashapigiwa makelele na bwana yule muuza spika.

Leo nimekwenda kutazama seti ya nyumbani, spika mbili za kusimama na amplifaya, shilingi 85,000. Pesa hiyo si ya kubahatisha, mtu huenda na nyimbo anazozijua. Flashi yangu ina udi wa Zein l'Abdin, bingwa wa taarabu wa hapa pwani, rekodi safi, wasikia risha inavyogusa uzi. Ina Juma Bhalo wa zamani, mwimbaji wa taarabu, mono. Ina gitaa la besi linaloshuka mpaka uzi wa chini kabisa, hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Na ina mwanamke aimba peke yake bila ngoma, maana sauti ya mtu twaisikia tangu kuzaliwa, spika ikidanganya hapo hapo wajua.

Nikaweka udi. Risha ndiyo kwanza yapanda, AKACHOMOA FLASHI. Hakuuliza! Kaichomoa kama ang'oaye jino, duka limejaa watu, akanadi: "Mzee, hizo nyimbo za matanga, ngoja nikuwekee muziki."

Za matanga! Zein!

Na sababu naijua. Nilitangulia kumweka Bhalo. Mono ni sauti ile ile kulia na kushoto, mwimbaji lazima asimame katikati, pale pasipo spika. Bhalo hakuwa katikati. Katawanyika ukuta mzima, na besi haipo. Hiyo ni waya nyekundu na nyeusi zimegeuzwa kwenye spika moja: koni moja yatoka, nyingine yaingia, zauana. Nikamwambia kwa adabu zote. Uso ukambadilika. Udi nao ndio ukachomolewa. Mbele za watu!

Mwajua alichoweka? Mchanganyiko wa madijei wa matatu kutoka kwa simu yake, MP3 iliyobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, juu ya hezi 16,000 hamna kitu, halafu ukapita blututhi ukabanwa tena. Besi ikapigwa mpaka feri ya Likoni ikayumba. Mimi nimejifunza nini kuhusu spika hapo? Nimejifunza kuwa nimechomolewa flashi. Katikati ya udi, jamani.

Pweza_Kibokoni: Huyo huyo! Mimi nilimpelekea kinanda na nai, akaniuliza nani kafa.

Foleni_ya_Likoni: Babu, 85,000 usikilize risha? Nunua redio ya betri, hezi utuachie sisi.

Mwenye uzi: Wewe baki na tuktuk yako. Kachomoa bila kuuliza, hilo hulioni?

Foleni_ya_Likoni: Siku nyingine mpelekee Siti binti Saad wa Bombay 1928, santuri. Hiyo haichomoleki.

FundiSolda: Kwa waya mzee yuko sawa. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa nyekundu, hasi kwa nyeusi, gusa tu. Wufa zote mbili lazima zisogee mbele. Moja ikirudi nyuma, imegeuzwa.

Mwana_Kongowea: Mwalia na flashi? Kuna fundi ana amplifaya yangu tangu Ramadhani. Kila nikienda, "kesho inshallah".

Binti_Bamburi: Yule wa kofia ya kijani? Ana subufa ya mume wangu! Ijumaa nimeisikia harusini Mtopanga, nikaijua kwa mkwaruzo wa paka.

Mwenye uzi: Poleni, lakini turudi kwenye mada. Hizo nyimbo za matanga alizosema ni

Mwana_Kongowea: Ngoja kwanza mzee. Binti, amplifaya hukuiona? Nyeusi, kizungushio cha sauti kilivunjika nikatia kifuniko cha dawa ya meno.

Binti_Bamburi: Kifuniko chekundu?

Mwana_Kongowea: CHEKUNDU!

Binti_Bamburi: Ilikuwa juu ya meza ya dijei. Yawaka.

Mwana_Kongowea: Yawaka?? Kwangu yasemekana haina spea! Harusi ya nani hiyo? Nataka namba ya dijei sasa hivi.

Pweza_Kibokoni: Dijei ni shemeji yake fundi. Walikuwa nayo Kisauni pia, wiki iliyopita.

Foleni_ya_Likoni: Mkienda nipitieni. Nina feni kwake.