Fizikia sijashindwa, nimeshindwa na wadhamini

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, atakayekwazika anisamehe.

Niliomba PhD ya fizikia Marekani, vyuo vinne. Ada ya maombi, cha bei nafuu dola 75, cha juu 125. Nikaomba wanisamehe ada, viwili vikajibu kwamba msamaha ni wa raia wao na wenye green card. Sasa mwenye green card na mimi ninayepiga tempo shule binafsi, nani wa kuonewa huruma? Bado mtihani wa GRE ya fizikia, dola 150. Vyuo vingi siku hizi vimeacha kuidai, ila kimoja kati ya vyangu kikaandika "si lazima, lakini tunapendekeza". Ukiambiwa hivyo utaacha kufanya? Friji likauzwa.

Hela inauma, ila kilichonimaliza ni barua za wadhamini, yaani wahadhiri wanaokupendekeza. Wanataka tatu, na kila mdhamini anatumiwa linki aipandishe barua mwenyewe. Wa kwanza, Mungu ambariki, alituma siku ileile. Wa pili: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Nikaona aibu kujisifu, nikajisifu hivyo hivyo. Mfumo ukamkataa kwa sababu ya Gmail, wanataka barua pepe ya chuo. Ya chuo anayo, nywila alishasahau tangu enzi hizo. Tukahangaika IT siku tatu.

Wa tatu ni supavaiza wangu wa masters, tumekaa maabara moja miaka miwili na tabaka nyembamba za sola. Nilimkumbusha mara sita. "Nipo kikaoni." "Nitumie tena linki." Mwisho ulikuwa tarehe 15 Desemba saa 5:59 usiku kwa saa za New York, yaani huku saa 1:59 asubuhi ya tarehe 16. Nilikesha naangalia skrini: barua 2 kati ya 3. Saa mbili na nusu simu inaita: "Hivi ile kitu mwisho wake ni leo eeh?"

Uingereza ndiyo usiseme. Tangazo linajinadi "ufadhili kamili", ukishuka chini unakuta kwenye nafasi za UKRI, mfuko wa serikali yao wa utafiti, wageni wa dunia nzima hatutakiwi kuzidi asilimia 30. Ukipenya, fizikia inadai kibali cha ATAS, cha kiusalama, kabla ya viza. Mtanzania lazima, Mjapani hapana.

Na kinachonitia uchungu zaidi: Uholanzi na Ujerumani nafasi nyingi za PhD ni ajira kabisa, mkataba na mshahara, na kuomba ni bure. Matangazo yamejaa EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za utafiti. Trieste, Italia, kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam aliianzisha 1964 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, wana diploma ya mwaka mmoja na wanakulipia. Miaka mitano pale idarani hakuna aliyetamka hilo jina!

Wenye PhD nanyi msinicheke. Jamaa yangu yuko postdoc ya pili Ujerumani, yaani mikataba ya utafiti baada ya PhD, miaka miwili miwili. Ruzuku ya Umoja wa Ulaya ya Marie Skłodowska-Curie hawezi kuiombea hukohuko, kanuni inamkataa aliyekaa nchi husika zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3. Afungashe tena, na mtoto kaanza shule.

Kuna nafasi Uholanzi inafungwa mwezi ujao, wanataka wadhamini wawili. Linki nimemtumia supavaiza jana. Yuko kikaoni.