Tupeane uzoefu: darasani ulishika nini, na nini ulijifunza kwa njia zako?

Dawati la Nyuma: Wakuu, jana mwanangu kaniletea zoezi la hesabu limekatwa kwa kalamu nyekundu, na jibu ni sahihi. Nikakumbuka mbali. Nina miaka 11, swali ni robo tatu gawanya kwa thumuni. Nikachora duara, nikalikata vipande vinane, nikatia kivuli robo tatu, nikahesabu thumuni zilizomo: sita. Mwalimu akaniita mbele nikalichore tena ubaoni. "Kanuni iko wapi?" Kanuni ni geuza uzidishe, leo naijua, siku ile hata sikuwa nimeisikia vizuri. Nikaonyesha duara langu kwa kidole. Akalifuta kwa kiganja. Dasta ilikuwepo, lakini alitumia kiganja, na vumbi la chaki likabaki kwenye pete yake. Akanipa chaki: "Andika kanuni." Kimya. Halafu mmoja akachekea puani. Nilisimama pale mpaka kengele. Tangu hapo hesabu nikawa nanakili tu. Nyie je?

Mgeni_7: Hapo pa kusimamishwa ubaoni umenigusa. Sina la kuongeza.

Kimya Kingi: Mimi ni mtu wa kuona, si wa kusikia. Ndiyo maana darasa lilinishinda.

Bwana Ushahidi: Samahani mkuu, hiyo ya "mtu wa kuona" haina mashiko. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake walizipitia tafiti, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Mchoro unasaidia karibu kila mtu.

Kimya Kingi: Kwa hiyo wewe unakijua kichwa changu kuliko mimi?

Bwana Ushahidi: Sijasema hivyo.

Kimya Kingi: Umesema.

Nyaya: Acheni hayo. Mimi ufundi nilijifundisha. Nikiwa na miaka 15 nilifungua runinga ya zamani, ile ya kioo kinene, nyumbani sina mtu. NIMEICHOMOA kwenye umeme, naapa. Nikagusa ndani kwa bisibisi. Nilijikuta ukutani, bisibisi siioni, mkono hauna habari na mimi. Kumbe ile runinga huhifadhi chaji hata ikizimwa.

Mgeni_7: Eeeh! Ukaamkaje?

Dawati la Nyuma: Wazazi walisemaje?

Bwana Ushahidi: Ndiyo maana mwalimu anahitajika.

Nyaya: Mwalimu angeniandikia ubaoni "kapasita hutunza chaji", ningefaulu mtihani na ningeigusa vilevile.

Chaki: Nyie mnaotusema walimu, mimi ni mwalimu. Watoto 60, kipindi dakika 40. Gawanyeni: sekunde 40 kwa mtoto, bado sijaita majina. Duara la mtoto nalipenda, ila muda wa kulisikiliza sina. Lakini kulifuta kwa kiganja, hapana, huyo alikosea. Dawati, mwambie mwanao achore kwanza, kanuni aiandike chini yake.

Kimya Kingi: Mwambie aikariri kanuni tu, maisha yaendelee.

Mgeni_7: Asikariri! Afunge daftari, amfundishe mdogo wake. Akikwama, hapo ndipo hajaelewa.

Dawati la Nyuma: Mdogo wake ana miezi minne.

Mgeni_7: Basi hatabishana.

Chaki: Nyaya, runinga ilipona?

Nyaya: Ilibaki sauti tu. Baba aliisikiliza mwaka mzima bila kuniuliza kitu.