Wanaomaliza zoezi mapema niwape nini?

mwl_hisabati_v: Walimu wenzangu, poleni na majukumu. Nafundisha Hisabati darasa la tano, watoto wamepita themanini, kipindi dakika 40. Tuko kwenye mzingo na eneo. Nikiandika maswali matano ubaoni, kundi la dirishani linamaliza kabla sijafika madawati ya kati, wakati wengine bado wanachanganya mzingo na eneo. Nikiwaongezea matano mengine, wanayamaliza nayo, kisha fujo inaanza. Kuna binti mmoja siku hizi anaandika polepole makusudi, maana ameshajua akiwahi anaongezewa kazi. Hilo linaniuma sana. Kutoa kopi hakuna fungu. Mnafanyaje?

mama_chaki: Huyo binti ana haki. Amefanya vizuri, kisha anapewa yaleyale tena! Usiongeze idadi ya maswali, ongeza kina. Kwa mada hiyo mimi nina swali moja, nimeliandika kwenye karatasi ya manila: "Mama ana waya wa mita 24. Anataka banda la kuku la mstatili lenye eneo kubwa kuliko yote. Urefu na upana viwe ngapi?"

Wape njiti 24 wapange sakafuni. Wataanza na 10 kwa 2, eneo 20. Mwingine atakuja na 8 kwa 4, anapata 32. Waache wabishane. Wakifika 6 kwa 6, yaani 36, lazima mmoja atasema huo ni mraba, haufai. Usimjibu haraka, mwulize mstatili una sifa gani. Halafu badilisha sharti: upande mmoja ni ukuta wa nyumba, waya unazunguka pande tatu tu. Sasa mraba wa 8 kwa 8 unatoa 64, lakini 12 kwa 6 inatoa 72. Hapo utaona watoto wamesahau hata kengele.

babu_mwalimu: Mimi nilikuwa nawatuma wakawaelekeze wenzao. Inasaidia.

mama_chaki: Shikamoo mzee wangu. Inasaidia kweli, ila si kila siku. Naye amekuja shule kujifunza.

mwl_kijijini: Na wale ambao hawamalizi kamwe, hiyo manila wataiona lini? Kwangu siku moja kwa wiki tunaanza na swali hilo darasa zima, kwa vikundi. Kupanga njiti kila mtoto anaweza. Kuna ambao kwenye daftari wanapata sifuri, lakini kwenye njiti ndio wanaoongoza kikundi.

mwl_hisabati_v: Asanteni mno. Nimejaribu leo, nusu ya kipindi imeishia kwenye ubishi wa mraba, na sijutii. Wiki ijayo naingia mada ya sehemu, zile za 1/2 na 1/3. Mwenye swali la namna hii?

mama_chaki: Waambie watafute sehemu iliyo kati ya 1/3 na 1/2. Wakileta 5/12, waombe nyingine kati ya 5/12 na 1/2. Kisha waulize kama zitakwisha.