Nyumba ndiyo ofisi yangu, petroli yangu ati "si ya kazi"

Jamani nina hasira, mnistahimilie.

Tangu 2021 nafanyia kazi nyumbani, Bamburi, Mombasa. Nafunza wafanyakazi wa mahoteli programu za stoo na hesabu. Ofisi mjini sina. Leo Nyali, kesho Shanzu, kesho kutwa Diani, na Diani mwaijua wenyewe: uvuke daraja la Nyali, ukae foleni ya feri Likoni ukioga jasho ndani ya gari, ndipo uishike barabara ya Ukunda. Kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 80.

Tarehe 27 Juni nikampelekea mhasibu hesabu zangu za kodi (nilichelewa, msinianze). Kachungulia, kafuta safari zote kwenye gharama za kupunguza kodi. "Kutoka nyumbani ni kwenda kazini, hairuhusiwi." Kazini wapi? Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 15, yataka gharama iwe ya kutafutia mapato hayo tu. Anayetoka Kisauni kwenda kibaruani Kilindini namwelewa, ofisi yake iko kule. Yangu iko chumbani, karibu na jiko. Nikiwasha gari niko kazini tangu alfajiri, na niendako ni kwa mteja.

Nikambana, akageuza: "Basi risiti zako hazina PIN." Yaani namba yangu ya mlipakodi. Hapo alinikamata, nakiri. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, haipunguzi kodi. Nina bahasha tele ya risiti za sheli, nusu yazo wino umefifia kwa joto la gari, na PIN yangu haimo hata kwenye moja. Nikimwomba kijana wa pampu aiingize, matatu nyuma yapiga honi, naye yuwaniambia "mashine haina netiwaki bosi, pita kesho." Nipite kesho kuchukua risiti ya leo? Na siku gari liko gereji, ni tuktuk gani ishawahi kumpa mtu ankara?

Daftari la safari ninalo: tarehe, mteja, mita ilivyosoma nikitoka na nikirudi. Harusi na soko la Kongowea nimeziweka upande wa nyumbani. Hata kilomita 4 za kufuata mahamri nimeziandika huko. Mwizi huandika mahamri?

Kinachoniuma zaidi, wateja washanikata kodi ya zuio, asilimia 5 juu ya malipo yote kabla hawajanilipa, pamoja na hela niliyomwagia kwenye tangi. Na mhasibu kachukua ada yake kamili, hakupunguza hata ndururu.

Ritani ya kodi imekwenda tarehe 30 usiku bila safari hata moja, kuepuka faini isiyopungua shilingi 2,000. Nataka kuirekebisha. Mnaofanyia kazi nyumbani, nani safari zake zimekubaliwa, na aliziandika vipi? Na kati ya Bamburi na Mtwapa, ni sheli gani watia PIN bila ugomvi? Wa "lipa tu yaishe" apite, huu uzi si wake.