Cheki za wateja na kitabu cha cheki cha duka: tujilinde vipi?

Nondo na Saruji, Mwanakwerekwe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Duka letu linauza saruji, nondo na mabati. Makontrakta wengi wanatulipa kwa cheki, na sisi tunawalipa wanaotuletea mzigo kwa cheki, tano sita kwa wiki. Kitabu kinakaa katika mtoto wa meza wa mhasibu. Mwenye saini ni mmoja, na akisafiri huacha karatasi tatu nne zilizokwisha tiwa saini. Nauliza mawili: cheki ya mteja niikague vipi kabla mzigo haujatoka? Na cheki zetu tuziandike na kuziweka vipi zisichezewe? Naomba hatua zenyewe, maana "kuwa makini" nishaambiwa sana.

Bi Mahesabu
Waalaykum salaam. Naanza na lako la pili, kwa sababu hizo karatasi zilizotiwa saini haziwezi kungoja hata kesho. Kila moja ni sawa na kumwachia mtu funguo za sefu. Zibatilisheni leo: kata kipande chenye saini ukichane, piga mistari miwili kukata karatasi nzima, andika IMEBATILISHWA, kisha igundishe kitabuni palepale ili mfuatano wa namba usikatike. Msiitupe. Namba ikikosekana kitabuni, hakuna atakayeweza kukwambia baadaye kama iliharibika au iliibwa.

Halafu nendeni benki mkabadilishe maagizo ya akaunti: wenye saini wawe watatu, na wawili wowote watie pamoja. Akisafiri mmoja, kazi haisimami. Anayeandika cheki asiwe na saini. Na anayelinganisha daftari na taarifa ya benki asiwe anayeandika. Kama dukani mko watu wachache, basi kulinganisha afanye mwenye duka mwenyewe, kila wiki, akitumia taarifa aliyoitoa benki yeye, si iliyopita mikononi mwa mhasibu.

Kitabu kipya kikija, kihesabuni karatasi moja moja mbele ya aliyekileta. Mwizi anayejua kazi yake hachani karatasi ya juu. Huchana ya katikati au ya mwisho kabisa, nanyi mtaigundua baada ya miezi miwili.

Sasa kuandika. Chukua mfano wa cheki ya 800,000. Mtu ameandika "Laki nane" akaacha nafasi ya vidole viwili upande wa kushoto, na kwenye kisanduku ameandika 800,000 katikati. Mwenye nia mbaya anaongeza "Milioni moja na" mbele ya maneno, anatia 1 na alama ya mkato mbele ya tarakimu, na benki inalipa 1,800,000 bila ya kuona mkwaruzo wowote, kwa sababu hakuna kilichofutwa. Ukiacha nafasi upande wa kulia, "na elfu tisini" inaingia vilevile. Kwa hiyo herufi ya kwanza iguse ukingo wa mstari, malizia na "tu", na nafasi iliyobaki ijaze kwa mstari mpaka mwisho. Jina la mlipwaji lifanyie hivyohivyo, na uliandike kamili kama lilivyosajiliwa.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1918, katika kesi ya London Joint Stock Bank na Macmillan and Arthur huko Uingereza, karani alimpelekea bosi wake cheki ya pauni 2, sehemu ya maneno ikiwa tupu na tarakimu ina nafasi pande zote mbili. Bosi akatia saini. Karani akaifanya pauni 120. Mahakama ya juu ikaamua hasara ni ya aliyetia saini, kwa kuwa mteja ana wajibu kwa benki yake wa kuandika cheki kwa uangalifu. Usitegemee benki ikurejeshee fedha ulizoziachia mlango wewe mwenyewe.

Kalamu: tumieni wino mweusi wa jeli wenye rangi inayozama katika karatasi. Wino wa kalamu ya kawaida unaosheka kwa asetoni, ile ya kuondoshea rangi ya kucha, saini ikifunikwa isiguswe. Na angalieni sana zile kalamu za wino unaofutika kwa kusugua: joto la nyuzi 60 hivi linaufanya usionekane kabisa, pasi ya nguo inatosha. Mtia saini asikubali kuazimwa kalamu na anayemletea cheki.

Mwisho, kila cheki ipigeni mistari miwili sambamba pembeni na katikati yake muandike A/C PAYEE ONLY. Kama imechapwa neno BEARER, yaani alipwe yeyote aliyeishika, likateni. Hapo haitolewi taslimu kaunta, inaingia akaunti ya aliyetajwa tu.

Kaunta ya Chake
Bi Mahesabu kamaliza upande wake, mimi nashika cheki za wateja.

Kwa macho: cheki iliyotoka kitabuni ina upande mmoja wenye vijino vya kuchanika. Zikiwa pande zote nne laini, simamisha. Zile namba za chini zimechapwa kwa wino wa sumaku, hazing'ai. Ziinamishe kwenye mwanga, zikimeremeta huo ni wino wa printa. Namba ya cheki ya juu lazima ilingane na ya chini. Tarehe isiwe ya mbele, wala isipite miezi 6, benki huzikataa. Maneno na tarakimu zilingane.

Lakini cheki halisi kabisa inaweza kuwa haina fedha nyuma yake, au imeibwa. Jicho halioni hilo. Kwa mteja mgeni, mtafute kwenye usajili wa BPRA, wakala wa usajili wa biashara hapa Zanzibar, kisha mpigie mwenye kampuni kwa namba uliyoipata kwingine, si iliyo kwenye barua aliyokuletea. Na cheki ya benki nyingine inayozidi shilingi milioni 10 usiipokee hata kidogo, kwa sababu haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana cheki baina ya mabenki. Anayekupa cheki ya milioni 14 ama hajui, ama anajua sana.

Nondo na Saruji, Mwanakwerekwe
Shukran sana. Lakini wapo wanaokuja Ijumaa baada ya sala, cheki mkononi, wanasema jahazi la Wete, Pemba, linapakia bandarini Malindi jioni na mzigo lazima uwemo. Slipu ya benki wanayo.

Kaunta ya Chake
Slipu inasema cheki imepokelewa, haisemi imelipwa. Ndugu, hiyo Ijumaa ndiyo wanayoitaka: Jumamosi na Jumapili hakuna cheki inayopita baina ya mabenki, cheki inarudi wiki inayofuata na saruji imeshashuka Wete. Usimuulize karani "imeingia?", atakwambia ndiyo kwa sababu anaiona kwenye salio. Muulize "imeshalipwa na benki iliyoitoa, naweza kuitoa fedha sasa?" Mwenye haraka ya kweli alipe kwa TISS, mfumo wa Benki Kuu uliopo tangu 2004. Fedha hufika siku hiyohiyo na hazirudi. Wewe hakikisha kwenye akaunti yako mwenyewe, si kwenye picha ya simu yake.

Nyumba za Paje
Wenye nyumba za wageni nao wasikilize: mgeni wa ng'ambo akituma cheki kubwa kuliko bei, kisha akaomba zinazozidi mumpe "dereva wake" kwa simu, msitume hata shilingi. Cheki ya nje inaweza kurudi baada ya wiki kadhaa, na mlichotuma hakirudi.

Bi Mahesabu
Nilisahau moja. Mkigundua karatasi imepotea, pigeni simu benki dakika hiyohiyo, kisha pelekeni barua ya kuzuia malipo siku hiyo yenye namba ya cheki na namba ya akaunti, saini zote mbili. Nakala yenu igongwe muhuri na iandikwe saa iliyopokelewa. Cheki ikilipwa saa tano na barua yenu ina muhuri wa saa nne, mna la kudai.